Suruali za Bugobogobo

Jumamosi, tarehe 10 Juni 1995. Asubuhi kulikuwa na baridi kavu, na upepo ulileta vumbi na nyuzi za pamba hadi kwenye baraza za Nyalikungu.

Klementina, fundi cherehani jirani yangu, alikaa mlangoni bila kazi. Tangu biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, pamba yetu ilipata wanunuzi wa kila namna, na sisi tukapata mitumba. Waliokuwa wakimletea vitambaa sasa walivuka barabara kwa Joyness, muuza mitumba. Cherehani yake alikwisha kukubaliana kumuuzia Maige wa Shishiyu, ambaye angeifuata kesho yake.

"Jaribu hiyo baba, fiti!" Joyness alikuwa akiita, amesimama juu ya nguo zake.

Neno hilo lilikuwa kila mahali mwaka ule. Mgonjwa akiinuka, yuko fiti. Baiskeli ikikazwa mnyororo, fiti. Ukikubaliana na mtu mkutane sokoni, fiti. Kijana akichana nywele, naye fiti. Klementina peke yake hakulitamka. "Nguo inakaa au haikai," aliniambia. "Hilo la Joyness ni la kuuzia."

Kabla ya jua kukaza akaja Maganga, kiongozi wa wacheza bugobogobo, ngoma ya Kisukuma ya kurusha majembe, na vijana wake. Jioni walikuwa na mashindano dhidi ya kundi la mtaa wa pili. Ngoma mbili hupigwa kwa pamoja, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Walikuwa wamenunua kwa Joyness suruali za bluu.

"Mwangaluka, mayu," Maganga akamwamkia Kisukuma, kama mwana kwa mama yake.

"Mwangaluka. Hizo suruali mmewavua tembo?"

"Joyness katuambia ni fiti."

"Basi mrudieni Joyness."

"Mayu, tutacheza huku tumezishika mkono mmoja? Jembe tutalishika na nini?"

Klementina akacheka, akachukua futi. Alimsimamisha Maganga wima, akapima kama anavyopimwa bwana harusi, akapunguza pembeni, akashona. Ilimkaa vizuri. Maganga akatoka barabarani kuonyesha, akarusha jembe juu, akazunguka, akachuchumaa ili alidake.

Rwaaa! Mshono wa msamba ukaachia hadi kiunoni.

Barabara nzima ilicheka. "Mlango wa nyuma umefunguliwa!" Joyness akapiga kelele. Maganga akarudi kinyumenyume, jembe limefunika makalio. Klementina hakucheka tena. Miaka yote alishona nguo za kwenda kanisani, na kanisani hakuna anayeruka.

"Chuchumaa," akamwambia.

"Hapa?"

"Hapo hapo. Na ninyi wote, chuchumaeni. Nitawapima mlivyo."

Wakachuchumaa mstari mmoja barazani, na yeye akapita nyuma yao na futi. Vitambaa alivyokata miguuni akavipachika katikati ya mapaja, ili suruali ipate nafasi. Kila aliyemaliziwa alitoka nje, akarusha jembe na kudondoka chini kwa nguvu zote, huku watu wakisubiri mlio. Hawakuusikia. Wakaanza kupiga makofi, na hata Joyness akaacha nguo zake akaja kutazama.

"Fiti!" akasema Maganga akiwa chini.

"Fiti," akajibu Klementina, sindano ikiwa mdomoni. Mimi nilimsikia.

Jioni watu walijaa upande wa Maganga. Wengi walikuja kuona kama suruali itapasuka, lakini walikuja, wakabaki, na ushindi ni ushindi.

Kesho yake asubuhi, kabla ya misa, Maige alifika na baiskeli na kamba. Klementina alimkaribisha kiti, akamtazama chini hadi juu.

"Baba Maige, cherehani haiuzwi tena. Unisamehe."

"Tulikubaliana, mayu! Nimetoka Shishiyu na baridi hii!"

"Najua. Lakini suruali hiyo inafagia barabara. Umeinunua kwa Joyness?"

Maige akainama, akajitazama miguuni.

"Ingia ndani, funga shuka hili, unipe," Klementina akasema, huku akitia uzi kwenye cherehani. "Ya leo ni bure."

Klementina hakuwahi misa ya kwanza siku ile.