Begi Uani

Shangazi amehamia kwangu leo. Begi lake linanuka mafuta ya taa.

Nilipoletwa kwake Bariadi baada ya kumzika mama, hata wiki haikuisha akaona mende kabatini, wale wadogo wa kahawia. Akamgeuza mmoja kwa kijiti, majirani wakitazama. "Hawa si wa huku," akasema. "Wamekuja na begi la huyu mtoto wa mjini."

Akalimwaga begi langu uani, juani. Hakuona hata mende mmoja. Hata hivyo aliichukua kanga ya mama, ile niliyokuwa nikijifunika, akaimwagia mafuta ya taa na kuwasha kiberiti. Nilikatazwa kulia.

Jioni akawasha redio yake asikilize matangazo ya vifo. Redio ilipopata joto, mende wakaanza kuchuruzika kutoka nyuma yake, wadogo, wa kahawia. Shangazi aliwatazama, akanitazama. Kisha akaipangusa redio taratibu kwa kitambaa na kuongeza sauti.

Sasa ananiita kutoka sebuleni. "Mwanangu, mbona begi langu silioni?"

"Liko uani, shangazi. Linaota jua."