Siku Zangu Ukutani

Tangu nianze kuanguka kifafa, baba alinikataza mambo matatu: jiko, kisima, na kutoka peke yangu hapa mtaani Isevya. Nikawa mtu mzima wa kusongewa ugali. Nilichukia, nasema kweli, hadi harufu ya mboga za wenzangu.

Daktari mmoja ndiye aliyeniuliza huwa naanguka lini. Nikamwonyesha tarehe nilizoandika nyuma ya daftari. Karibu zote zilitangulia hedhi. Akanieleza kwamba ubongo na uti wa mgongo hujitengenezea kitulizo chao wenyewe. Vimeng'enya vilivyomo humo huchukua homoni ya kike na kuigeuza kuwa kitu cha kutuliza mishipa ya fahamu. Hedhi ikikaribia, homoni hupungua, vimeng'enya vinakosa malighafi. Kwa hiyo siku zangu mbaya zaidi ni tano hivi. "Sijasema nyingine ni salama," aliongeza. Mimi nilisikia tano tu.

Sasa nani amwambie baba? Kwetu binti hamtajii baba yake hedhi, na mama alishafariki. Nikamwendea bibi, mama yake baba, ambaye tunataniana.

"Mke mwenzangu," akacheka, "siri zako sasa nizipeleke sebuleni?"

Akazipeleka. Baba hakunitazama wiki nzima, ila kila mwezi alizungushia siku tano wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani, mbele ya kila mgeni. Aibu ile niliimeza, maana siku zilizobaki aliniruhusu jiko, nikasonga ugali mwenyewe.

Mwezi wa tatu tangu wino uanze, hedhi iliwahi. Siku isiyo na wino nilizinduka kwenye sakafu ya jikoni, mkono wa kushoto umeungua hadi kiwiko. Bibi ndiye aliyenivuta motoni. Akanipaka asali, nami nikamsihi asimwambie baba.

"Na ukifa?"

"Nikifa atajua."

Nikavaa mikono mirefu joto lote la Oktoba. Juzi baba akausifu ugali wangu, akaomba nimnawishe. Birika mkono wa kulia, beseni wa kushoto, na ukingo wa beseni ukasukuma mkono wa nguo juu. Akaliona kovu. Akaendelea kunawa hadi maji yakaisha.

Asubuhi nikaiendea kalenda. Mwezi mzima ulikuwa umezungushiwa wino. Nilitafuta tarehe moja tu aliyoisahau. Hakuisahau hata moja.