Beseni la Tatu

Kila nikimimina siki kwenye kachumbari, narudi katika chumba cha giza cha kusafishia picha cha shule yetu ya Buffalo, ughaibuni, ambako beseni la pili la dawa lilinuka hivyo hivyo. Mama alikuwa amenipa negativu aliyotoka nayo Kivu, ndani ya Biblia. Uso wa baba, ambao sikuwahi kuuona, uliibuka majini polepole. Sikungoja beseni la tatu, linaloikinga picha na mwanga. Nilikimbia nayo nyumbani, mbichi, chini ya koti.

Mama, aliyekuwa ametoka zamu ya kazi ghalani, aliishika dirishani, theluji iking'aa nje. Uso ukaanza kuingia giza mikononi mwake. Nikalia, nikaahidi kusafisha nyingine.

"Bon, sawa, umuache, mutoto yangu," alisema kwa Kiswahili cha Kivu. "Alikuya tu kutusalimia."