Protini Niliyoila Bure

Naona haya kulisimulia hili, lakini kwa kuwa mtaa wetu wote wa Bofu ulishanicheka, bora mulisikie kwangu mwenyewe. Baada ya kukatwa uvimbe wa saratani kwenye utumbo, daktari (binti mpole, rika la mjukuu wangu) aliniambia kile kinyama kilichotolewa kimepimwa protini zake, ili wajue kama maradhi yaweza kurudi, na kwamba protini moja haikuonekana kabisa. Akaniuliza kama nimefahamu. Nami, niliyesoma sayansi hadi kidato cha nne, nikajibu nimefahamu vizuri, nikainuka kabla hajamaliza (hapo ndipo nilipojichimbia shimo).

Nilichofahamu ni kwamba mwili umeishiwa protini na safari yangu imewadia. Nikamwambia mke wangu, Mwanasha, naye akamwambia jirani, na kufikia adhuhuri ya kesho yake mtaa mzima ulikuwa ukinilisha: mbaazi za nazi, kunde, mayai, pweza, bakuli juu ya bakuli, nami nala huku nawausia watoto nani achukue baiskeli.

Siku ya kurudi kliniki tumbo lilikuwa limewambika kama ngoma, na pale ukumbini, wagonjwa wamejaa na kimya kimetanda, jina langu likaitwa, nikainuka, na tumbo likaitika kabla yangu (naam ndefu, wallahi, ikafuatwa na ya pili). Bibi mmoja akajifunika mtandio usoni, mabega yakimtikisika. Mwanasha akahamia kiti cha mbali kama asiyenijua.

Ndani, daktari aliposikia habari ya mbaazi aliuma kalamu asicheke.

"Babu, hiyo si protini ya chakula. Tena kwa saratani ya hatua kama yako, kukosekana kwake ni dalili ya kheri. Mara nyingi saratani hiyo hairudi."

"Mara nyingi?"

"Si daima. Ndiyo maana utakuwa ukija kupimwa."

Nikalia mbele yake, furaha na aibu pamoja. Mwanasha hakulia. Tulipofika nyumbani alinipangia bakuli kumi na nne mezani, akasema, "Vyombo vya watu havirudi vitupu, Baba Athumani, wala havijirudishi."

Basi nikazunguka na mahamri mlango hadi mlango, kila mlango nikieleza protini ile ni nini, na kila mlango wakiniuliza, "Sasa umefahamu?"

Tangu siku hiyo, yeyote akiniuliza kama nimefahamu, hata muuza samaki, namwambia la, hebu rudia.