Jiwe la Kuoshea Karoti

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa kijana mwenye fomu mkononi, nusura niwaue watu kwa neno moja: "Rudini."

Siku nne nyuma tetemeko lilikuwa limetikisa milima iliyo juu ya Uyole. Watu wa mdomoni mwa bonde walikuwa wanalala kanisani, nami, mjiolojia mpya kutoka Kilolo, nikatumwa kuangalia kama ni salama warudi majumbani. Nilitembea huku chini, kando ya kijito, nikigonga miamba kwa nyundo. Maji yalikuwa kidogo, safi, yanapita kwa upole. Nikafurahi! Nikawaambia watu warudi, wakaanza kubeba magodoro.

Hapo akaja Mama Atupele, mkulima wa karoti. Wanawake wa pale huosha karoti kijitoni kabla ya kuzipeleka sokoni, na kila mmoja ana jiwe lake la kukalia akiziosha.

"Baba, mvua imenyesha siku tatu," akasema. "Mbona leo maji hayafiki hata kwenye jiwe langu? Yamekwenda wapi?"

"Yamepungua tu, mama."

"Yapungue na mvua yote hii? Mwe! Karatasi unaisoma, mto huusomi. Panda juu ukayatafute."

Nilikasirika, nisikufiche; sisi Wahehe hatupendi kusemwa mbele za watu. Lakini kuuliza si ujinga, na swali lake lilipaswa kuwa langu. Tukapanda, yeye mbele pekupeku, mimi nyuma nahema na mabuti yangu.

Lo, mwanangu! Kule juu, korongo linapobana, mlima ulikuwa umemeguka. Udongo, mawe na miti vimeliziba, na nyuma yake maji ya kahawia yametuama, tena yameanza kuchuruzika juu ya kizuizi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ule ulikuwa unawasubiri watu niliowarudisha mimi.

Nilikimbia! Nilianguka, nikainuka, buti moja nikaliacha kwenye tope, napiga kelele, "Tokeni! Pandeni kanisani!" Atupele mwenyewe, binti wa yule mama, alikuwa ndani anatandika kitanda, mtoto mgongoni. Nilimvuta mkono bila hata kupiga hodi. Tulikuwa bado kwenye ngazi za kanisa kizuizi kilipopasuka na bonde likanguruma, tope na mawe yakapita palepale penye nyumba. Nyumba yake ilikwenda na kitanda chake. Mtu hata mmoja hakupotea, na mpaka leo nikisimulia moyo unanirukaruka kwa furaha.

Mama Atupele alishuka kwa njia ya mgongoni mwa mlima, akamshika mjukuu, akanitazama mguu usio na buti.

"Sasa umeyaona maji yalikokuwa," akasema.

Ninyi wajiolojia wa leo mna droni na picha za setilaiti, nami nawaonea wivu kweli! Zirusheni. Ila baada ya tetemeko usilipime bonde kwa kutazama chini tu. Mto ukipungua wakati wa mvua, usishangilie. Ufuate juu mpaka ujue kilichoyashika maji. Na kabla hujaandika "salama," muulize anayekaa kijitoni kila siku. Majuto ni mjukuu, na wangu alibakiza dakika chache azaliwe.

Mungu akupe miguu ya kupanda na masikio ya kumsikia mama mwenye karoti. Na kila utakayemwambia arudi nyumbani, alale mpaka kukuche.