Ngoma ya Mfalme katika Chumba cha Mansoura

Mimi sikuamini. Ukiwa Doha, kila mtu huko kwao alikuwa mkubwa: huyu aliacha shamba la chai, yule alibakisha kidogo tu awe diwani. Kwa hivyo Mganda tuliyekaa naye chumba kimoja Al Mansoura aliposema baba yake ni mfalme, tulicheka mpaka tukapaliwa na chai. Tukampa cheo palepale: Mfalme wa Geti. Sote tulikuwa walinzi kwenye jengo la maofisi kule Al Sadd, na tukibadilishana zamu nilimpigia saluti. "Mtukufu, geti lako hili."

Hakukasirika. Alikuwa amenizidi umri, na maneno yake yalikuwa machache. Polepole nikajua ni kweli. Ulikuwa ufalme mdogo magharibi mwa Uganda, na baba yake alikuwa amempa jimbo moja alitawale. Aliamua kesi za mipaka, akasuluhisha wanandoa, wazee wakimwinamia. Lakini cheo hakiliwi, bana. Alikuwa na watoto wa kusomesha, ndiyo akavaa yunifomu kama sisi. Kwa kumsikia akiongea nao simuni, nikaokota lugha yao kidogo.

Alikuwa pia na mdogo wake wa mama mwingine. Mama wa huyo mtoto alifariki mapema, na yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha uji, akampeleka shule. Akimtaja, uso ulimlainika.

Mwaka mmoja, joto likianza kupungua, mfalme akafa. Kwao mfalme hazikwi mpaka ngoma ya ukoo ilie kwa jina la mrithi, na marehemu alikuwa amemtaja yeye, kifungua mimba, mbele ya wazee. Tukaenda ofisini kuomba ruhusa ya kusafiri, maana wakati huo hukutoka Qatar bila mwajiri kukubali. Meneja mwenye sahihi alikuwa likizoni, na aliyebaki alijua neno moja tu: bukra. Kesho. Kila tukienda, bukra. Nilimfokea yule mtu mpaka nikaonywa kwamba nitarudishwa kwetu. Ebo! Mtu amefiwa na mzazi, wewe unamwambia kesho?

Nyumbani hawakungoja. Asiyekuwepo na lake halipo. Wajomba wa yule mdogo ndio waliotunza ngoma, nao wakatangaza kwamba mfalme ni kijana wao. Nusu ya wazee wakakataa, wakampigia simu Mganda wetu wakisema wako nyuma yake, asikubali. Ndipo akanieleza desturi. Ngoma ikilia, kila mwanamfalme hupiga magoti. Akibaki amesimama hata mmoja, ngoma hukoma, na kiti kinagombewa upya. Aliye mbali siku hizi huitwa kwa simu, ila neno lake mwenyewe halitoshi. Lazima mtu asiye wa ukoo amwangalie, aseme alichoona. Akaniomba mimi.

"We simama tu, kaka," nikamwambia. "Ni haki yako."

"Babu yetu alipotawazwa, mmoja alisimama. Nyumba ziliungua msimu mzima. Na vijana wa jimbo langu wameshaanza kunoa mapanga."

"Shauri yao! Baba yako alikutaja wewe!"

Akageuka, akaanza kupiga pasi yunifomu ya zamu.

Simu ikaita Ijumaa, wenzetu wakiwa msikitini. Alikuwa amevaa shati jeupe. Akaiweka spika, akailaza juu ya kitanda. Tukasikia umati, mtu akikohoa, kuku. Sauti ya mzee ikasema kwa Kiswahili, kwa ajili yangu, "Wewe mgeni, upo? Utasema unachokiona, si unachokipenda."

"Nipo, mzee."

Ngoma ikalia. Kwenye kisimu kile ilisikika kama mtu anagonga mtungi wa maji, lakini yeye alisimama wima, mikono ameibana mapajani. Nami moyoni naomba: simama, kaka, simama. Niliutaka ufalme ule kuliko yeye. Nilitaka angalau mmoja wetu mle chumbani awe na kitu ambacho bukra haiwezi kumnyang'anya.

Akashuka. Goti moja, halafu la pili, kwenye vigae katikati ya vitanda.

"Mgeni," mzee akauliza, "umeona nini?"

Ningesema amesimama, nani angejua? Alikuwa ananitazama, machozi yanamtiririka, akatikisa kichwa kunikataza.

"Amepiga magoti," nikasema. "Yote mawili."

Vigelegele vikapasuka huko. Halafu ikaja sauti changa, inalia, kwa lugha yao. "Kaka? Kaka, ni wewe?"

Kwao anayekalia kiti huwa mzazi wa ukoo mzima, hata wa wale waliomlea. Akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Ni mimi, Baba," akamjibu mtoto aliyembeba mgongoni. "Sasa mzike mzee wetu."