Kitambaa Juu ya Kompyuta

Shule yangu iliishia darasa la nne na sioni aibu kulisema. Nimekata mkonge, nimebeba tangawizi mgongoni kuiteremsha kutoka milimani, mpaka nikawa na gari langu la kuibebea. Kila nilichokijua nilikijua kwa kukishika. Kwa hiyo mtu akitaka kunifundisha kwamba kazi inajifunzwa kwa kuitazama, damu inanichemka.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Same yalijaa vitu, huku mashamba ya mkonge yakifa na watu wakipunguzwa kazini. Kijana mmoja akafungua chuo cha kompyuta karibu na stendi. Binti yangu alikuwa amemaliza fomu foo, hana kazi, akang'ang'ana: anataka kujifunza kuandika programu. Nikamwandikisha.

Haukupita muda nikaitwa. Binti yako ameharibu kompyuta, anafukuzwa.

Nikateremka mjini na hasira zangu zote, na njia nzima zilikuwa za huyo mtoto. Mlangoni nikaamriwa nivue viatu, eti vumbi linaua mashine. Nikavua makatambuga yangu ya matairi. Ndani, kompyuta zimefunikwa vitambaa vya kudarizi kama redio ya bibi harusi. Wanafunzi wananakili madaftarini programu iliyo ubaoni. Nyuma kabisa amekaa dada mmoja, mtafiti wa chuo kikuu, amekuja kuchunguza namna vijana wanavyojifunza kuandika programu na kitu gani kingewasaidia waijue kweli.

"Shikamoo mzee," akasema mwalimu, yule kijana mwenye chuo.

"Marahaba. Kaharibu nini?"

"Nimeandika programu ubaoni, wote waipige vilevile. Yeye kaweka yake."

Nikamgeukia binti. Akasema polepole, "Baba, niliiambia iandike jina langu. Nikasahau kuiambia iache. Ikaandika, ikaandika, mwalimu akachomoa waya."

"Ilipandisha mapepo, mzee!" mwanafunzi mmoja akadakia, darasa likaangua kicheko.

Nikamuuliza yule mtafiti, "Wewe ulikuwepo. Mashine imekufa?"

"Haijafa, baba. Hilo kosa kila anayejifunza hulifanya. Akiachwa alitafute mwenyewe, hapo ndipo anapoelewa."

"Na ulimwambia mwalimu?"

Akatazama kalamu yake. "Mimi nimekuja kuangalia tu. Nikiingilia, nitaharibu utafiti."

"Ahaa! Utafiti usiharibike, mtoto ndiyo aharibike! Huko kwenu mnasomea kutazama watu wakizama?"

Nilipiga kelele, nakiri, mpaka watu wa stendi wakachungulia dirishani. Mwalimu ananiambia mzee tulia, hapa ni chuoni. Nikamwambia chuo gani hiki, kijana, hata gereji ya uchochoroni fundi anampa mwanafunzi spana!

Mtafiti akaweka kalamu chini. Akaenda kwenye ile kompyuta, akaondoa kitambaa, akachomeka waya, akamvutia binti yangu kiti.

Binti akaandika tena yaleyale. Jina likaanza kukimbia kwenye kioo, mstari juu ya mstari. Akabonyeza vitufe viwili, likasimama. Akakaa akikodolea macho maandishi yake, akiuma kidole. Kisha akaongeza kimstari kimoja. Safari hii jina likatoka mara chache, likaacha lenyewe.

"Kayashusha mapepo!" yule mchekeshaji akasema, na safari hii hawakumcheka binti.

Mwalimu akakunja kitambaa, akakikunjua. "Sawa. Simfukuzi. Atabaki, cheti atapata. Ila kompyuta hagusi tena. Atatazama wenzake."

Wakati ule cheti kilikuwa kitu. Ofisi hazikuuliza unajua nini, ziliuliza una karatasi gani. Nami nilijua hilo, ndiyo maana ulimi wangu, kwa mara ya kwanza siku ile, ukaniwia mzito. Nikamwambia binti kwa Kipare, sema mwenyewe, ni maisha yako.

Akainuka. "Baba, viatu vyako umeviacha wapi?"

Tukavalia viatu nje, upepo wa Same ukituchapa vumbi usoni, vumbi lilelile la kuua mashine. Cheti cha pale hakupata. Programu alikuja kuzijulia Moshi, kwa watu waliomwacha akosee, na ndizo zinazomlisha. Lakini usiniambie basi yameisha. Wenzake walibaki mle ndani na vyeti wakapewa, na mashine walikuwa wameiona tu, kuijua hapana.